Bwana Bima, Asiyekula Wala Kuzika

Sisi wa Mbeya tulikuwa na kipimo chetu cha mtu. Hatukuuliza kasoma wapi wala ana ng'ombe wangapi. Tuliuliza mawili tu: anakula kwa watu? Anazika? Mtu akila kwako, na siku yako ikifika akaja kushika jembe makaburini, basi hata awe mgomvi, hata awe mlevi, huyo ni mwenzenu. Sasa Bwana Bima alikuwa hali kwa mtu wala haziki mtu. Nyumbani kwangu aliingia na kutoka zaidi ya miaka tisa, na miaka yote hiyo hakuweka mdomoni hata kiazi kimoja. Nilimchukia, nisiseme uongo. Na mimi nikimchukia mtu huwa sifichi, nampa kigoda kwa mkono mmoja.

Jina lake alikuwa nalo, lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi zake, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa wakala wa bima ya maisha, wa kampuni ambayo wenyewe walikuwa Nairobi na hatukuwahi kuwaona. Alitoka upande wa Iringa, na salamu yake ilikuwa "Kamwene" hata kwa sisi Wanyakyusa ambao tungemjibu kwa yetu. Alivaa kabuti la kijivu la jeshi, refu mpaka kwenye mashavu ya miguu, Juni na Desemba sawasawa. Mkoba wake wa ngozi ulifungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kifungo kilikatika zamani. Ukimwona anapanda kilima kuja kwetu anakokota baiskeli, na akiteremka anaikokota pia. Alikuwa anaogopa mteremko, mwanaume mzima!

Mume wangu, Baba Lusajo, alikuwa dereva wa lori la mizigo, Mbeya na Iringa, kwenda na kurudi. Alimcheka sana kwa hilo.

"Bwana Bima, panda mbele hapa nikupeleke kwenu Iringa, mchana huu huu."

"Aa, ndugu yangu. Madereva wote wa barabara hii nimewaandika mimi. Nikipanda na ninyi tukachelewa wote, nani atapeleka karatasi?"

Huko kuchelewa ndiko kulikokuwa neno lake. Kazi yake yote ilikuwa kifo, lakini neno kufa halikupita kinywani mwake. Dereva akifa, kwake "amechelewa kurudi." Mkulima akifa, "amechelewa shambani." Mzee wa kanisa mmoja alimkemea mbele ya watu, akamwambia aseme kufa kama Maandiko yanavyosema. Bwana Bima akavua kofia, akajibu kwa adabu, "Maandiko hayana shida ya wateja, baba." Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Watu wetu waliamini kuwa ukitia saini karatasi ya kifo chako umekiita, na wapo waliomfukuza uani kwa ufagio. Mimi mwenyewe, alipofika mara ya kwanza, nilimwagia maji mlangoni alipoondoka. Niliona kabisa kwamba ameona, na mwezi uliofuata akaja tena, "Kamwene, Mama Lusajo," utadhani hakuna kilichotokea.

Cha ajabu ni kwamba hakupenda kuuza. Siku moja sokoni Mbalizi nilimwona amekaa kwenye gunia la vitunguu na mwanaume mmoja anayetaka kuandikwa. Wanaume wetu kwenye baraza walijiongezea miaka ili wakae na wazee, ila mbele ya fomu ya bima waliipunguza, maana walisikia kijana hulipa kidogo. Huyu alisema ana miaka thelathini. Bwana Bima akamtazama, akamtazama na binti yake aliyekuwa anauza vitunguu pembeni, mtoto wake mgongoni.

"Huyu ni binti yako wa kwanza?"

"Ndiye."

"Basi ulimzaa ukiwa na miaka kumi na mmoja. Hongera."

Soko zima liliangua kicheko. Yule bwana akataka kuondoka kwa hasira, Bwana Bima akamshika mkono. Hakuwa anacheka. Alimwambia, "Kaka, uongo wa kwenye karatasi hii wewe hutaula. Ataula mkeo, siku atakayokwenda kudai wakamwambia mume wako alidanganya. Nipeleke kwa mama yako niongee naye." Akaenda kweli, akapanda mlima mpaka kwa yule bibi, wakahesabu kwa njaa na nzige na mwaka ambao Wajerumani waliondoka, mpaka wakaupata umri.

Wakati wa mvua, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapotoka kwa wingi huko kwao, alikuwa anarudi Iringa na kuunywa kama maji. Hiyo nayo ilinichanganya. Kwa watu hali, ila ulanzi anakunywa! Mume wangu alimkuta mara moja huko njiani, kwenye kibanda, amelewa vizuri na anaimba tenzi za kanisani. Palikuwa na wanaume wawili wanamwomba awaandike palepale. Alikataa katakata. Alisema saini ya ulanzi haikumbukwi asubuhi, akawapa siku ya kuja wakiwa wakavu. Mume wangu alirudi akimsifu kwa hilo, nami nikamwambia mlevi kumsifu mlevi si habari.

Kwetu ugomvi ulianza siku alipoeleza bima zenyewe. Baba Lusajo alitaka kuandikwa, hilo tulikubaliana, maana barabara ile ya Iringa haikuwa barabara ya kuchezea, hasa kwenye mteremko wa Mlima Nyoka na kwenye matope ya Igawa. Lakini kuandikwa ipi?

"Ziko mbili za kuwafaa ninyi," alisema Bwana Bima. Chai yangu ilikuwa inapoa mbele yake na hakuigusa. "Ya kwanza, unalipa kila mwezi, miaka ikitimia unapewa fedha yako mwenyewe na nyongeza. Ukichelewa kurudi kabla ya hapo, nyumbani wanapewa fungu, ila fungu ni dogo. Ya pili, unalipa kiasi kilekile. Ukichelewa, nyumbani wanapewa fungu kubwa, kubwa kweli, la kulea watoto. Ila ukirudi salama miaka yote, hupati hata senti."

"Hata senti?" Mume wangu alisimama. "Nilipe miaka yote, nisife, halafu nisipate kitu? Huo si wizi?"

"Ni bei ya usingizi wa mama huyu."

"Usingizi wangu hauna bei," nilidakia mimi, "na mimi nataka bati." Ndivyo nilivyosema. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na ile bima ya kwanza nilishaiona kichwani imekuwa bati linang'aa juu ya paa. Mume wangu naye aliiona imekuwa lori lake mwenyewe. Tukawa kitu kimoja dhidi ya Bwana Bima.

Yeye akauliza maswali yake matatu, ambayo niliyasikia baadaye mara nyingi mpaka nikayajua kwa moyo. Nani anakula kwa mikono yako? Mpaka lini? Na siku ile, nani ataishika fedha?

Hilo la tatu mume wangu alilijibu haraka. "Mdogo wangu. Ndiye mrithi."

Kwa desturi yetu alikuwa hajakosea. Kwetu mali hutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake kabla haijafika kwa watoto, na mke naye huhesabiwa humohumo. Bwana Bima alifunga mkoba wake kwa ile kamba. "Leo siandiki," alisema. "Mkinipa jibu jingine nitakuja." Akaenda zake. Chai nikaimwaga, nikamwambia mume wangu kwamba mtu asiyekunywa chai ya watu ana lake rohoni.

Miezi michache baadaye akafa Baba Tumpe. Alikuwa dereva mwenzake mume wangu, nyumba zetu zilitazamana, na mkewe tulikuwa tunaazimana chumvi na moto. Lori lilimshinda Mlima Nyoka asubuhi moja ya ukungu. Msiba ulikuwa mkubwa kama misiba yetu inavyokuwa. Ndugu walikuja kutoka Tukuyu kwa makundi, ngoma zikapigwa, ng'ombe wakachinjwa mpaka zizi likabaki na ndama mmoja. Wote tulikuwepo. Mchungaji alikuwepo, tajiri wa lori alikuwepo, hata yule mwanaume wa vitunguu wa Mbalizi alikuja. Bwana Bima hakuja. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, ya kuzika hakuja. Na tulijua yuko mjini, watu walimwona akinunua mafuta ya taa.

Nilikasirika. Pale jikoni, tukiwa tunamenya ndizi wanawake ishirini, nilisema kwa sauti kwamba mtu yule ni tai, tena tai ana heri, tai huja kwenye mzoga. Wenzangu wakaitikia. Siku ile kama angepita njiani sijui tungemfanya nini.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Mimi nilibaki na Mama Tumpe, maana mfiwa haachwi peke yake. Shemeji yake alikuwa amekwisha kusema atarudi baada ya wiki mbili kupanga mambo ya nyumba, na sote tulijua mambo ya nyumba ni nini. Mama Tumpe hakuwa analia tena. Alikuwa anafagia uwanja uleule mara tatu kwa siku.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, niliona kabuti la kijivu linakokota baiskeli. Nilishika mchi, Mungu anisamehe. Nikamzuia langoni.

"Umekuja kufanya nini? Mazishi yamekwisha. Nyama imekwisha pia, pole."

"Wameondoka wote?" aliuliza.

"Nani?"

"Ndugu wa mume."

"Wameondoka jana."

Akavua kofia, akaegemeza baiskeli. Ndipo nikaona macho yake ni mekundu. "Basi naomba kumwona mama."

Alikaa na Mama Tumpe kwenye mkeka, akampa pole. Kisha akafungua mkoba. Baba Tumpe alikuwa ameandikwa mwaka mzima nyuma, na wala hakumwambia mtu yeyote ila mkewe. Aliandikwa ile ya pili, ile ya kutorudisha kitu. Mlipwaji lilikuwa jina la Mama Tumpe. Na fedha hazikuwa za kuja kwa mkupuo. Zingekuja kidogo kidogo, fungu la nyumbani kila mwezi, na kila Januari fungu la shule, mpaka Tumpe na mdogo wake wamalize.

Nilibaki na mchi mkononi mwangu kama mjinga.

"Mama Lusajo," alisema bila kunitazama, "ukubwa wa msiba wenu naujua. Miaka ya mwanzo nilikuwa nazika, nalia na watu, nakula na watu. Wanajua mimi ni nani. Ndugu wakiniona tu wanauliza, kuna ngapi? Na zikitoka siku ile, zinageuka ng'ombe jioni ileile. Nani atamwambia kaka wa marehemu asichinje? Mjane mmoja wa huko Kalenga nililetea fungu lote mkononi, watu wakiwa bado uani. Baada ya mwezi nilimkuta anaokota kuni za kuuza. Tangu hapo sizikwi, yaani siziki." Ulimi ulimteleza kwa uchungu, akajisahihisha. "Nangoja watawanyike."

"Na kula? Kwa nini huli kwa watu?"

"Nikishiba kwako nitaweza kumwambia mumeo kwamba anakosea?"

Mama Tumpe alianza kulia tena, na mimi nikalia naye, lakini kilio kile hakikuwa kile cha wiki iliyopita. Tulikuwa tunalia huku kifua kinafunguka. Shemeji alipokuja baada ya wiki mbili kupanga mambo, Mama Tumpe alimpikia vizuri, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia ndaga fijo, asante sana, shemeji, hapa tuko salama. Akarudi ndani kwake.

Jioni ile ile niliyomsikia Bwana Bima nilimwambia mume wangu, "Chukua ile ya pili, ya kupotea."

"Na bati lako?"

"Nyasi hazijaniua mpaka leo."

Alibisha siku tatu. Alisema mdogo wake ataonaje. Nilimwambia mdogo wake nampenda sana, na ndiyo maana sitaki tuje tugombane. Bwana Bima alipoitwa aliomba bakuli la maharage makavu, nikadhani leo atakula. Aliyataka ya kuhesabia. Akaniuliza mtoto wangu wa mwisho ana umri gani, nikasema mitano. Akauliza lini ataweza kujitegemea kidogo, asome barua mwenyewe na asidanganywe na mtu. Tukakubaliana miaka kumi na minne. Akapanga mezani punje tisa. "Bima yenu ni ndefu kiasi hiki," alisema. "Usinunue ya punje ishirini, utalipia miaka ambayo watoto wamekwisha kukua. Na usinunue ya tano, atabaki huyu mdogo nje ya blanketi." Mlipwaji likaandikwa jina langu, kila mwezi na kila Januari, kama kwa Mama Tumpe. Mume wangu alitia saini akinung'unika kwamba amenunua hewa.

Karatasi na zile punje nilivitia kwenye kopo la biskuti juu ya kichanja. Kila mwaka ulipotimia nilitoa punje moja nikaitupa kwenye chungu cha maharage ya siku hiyo. Bwana Bima, akiaga, alikuwa na neno lake moja: "Mungu atunyime kuonana kwa kazi yangu." Kabla ya hapo nililiona neno la jeuri. Sasa nilijibu amina.

Nilijibu amina, lakini mwaka wa nne kidogo isiitikiwe. Mvua zilikuwa mbaya. Lori la mume wangu lilitoka Iringa Jumatatu, Jumatano halijafika. Alhamisi akapita mtu kutoka Chimala akasema lori limesombwa na mto pale Igawa, la rangi ya kijani. La mume wangu lilikuwa la kijani. Jioni shemeji yangu alifika na wenzake wawili, wakakaa uani, wanatazama zizi. Sikulia. Nilipanda kichanjani nikalishika lile kopo, nikalirudisha. Nilikuwa sitaki fedha ya mtu. Nilimtaka yeye, na kunung'unika kwake. Ila nilipowatazama watoto wamelala, nilijua kwamba kuna hofu moja ambayo sinayo, na iliyobaki niliibeba.

Ijumaa asubuhi niliona kabuti la kijivu linapanda kilima. Kama huyu anakuja, basi yamekwisha. Aliona ninavyomtazama. Akasimama mbali, ng'ambo ya ua, akapaza sauti:

"Mama Lusajo! Mimi sijaja! Napita tu! Sina habari yoyote!"

Akageuza baiskeli akateremka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliipanda kwenye mteremko, ili aondoke upesi machoni pangu. Mpaka leo nikikumbuka kabuti lile linavyopepea sijui nicheke au nilie.

Mume wangu alifika saa tisa mchana, kwa miguu kutoka barabara kuu, matope mpaka kwenye nyusi. Lori lililosombwa lilikuwa la mtu mwingine, na wote walitoka hai. Yeye na utingo wake walikuwa wamekwama siku nne upande wa pili wa mto wanakula mahindi ya mzigo. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa mbele ya ndugu zake, kisha nikamkumbatia na matope yake yote. Shemeji yangu, maskini, ndiye aliyelia kuliko wote. Hakuwa mtu mbaya. Desturi tu ilikuwa imemkalisha pale uani.

Punje zikaendelea kupungua. Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha siku Bwana Bima alipokuja mara ya mwisho, mvi zimejaa kichwani, kabuti lilelile. Alikuwa amekuja kuichukua karatasi, muda wake umetimia. Mume wangu alikuwa nyumbani, amenenepa, anatengeneza kiti.

"Miaka tisa nimekulipa," mume wangu alimwambia. "Nipe changu."

"Huna chako."

"Hata senti?"

"Hata senti. Umepoteza zote, ndugu yangu. Hongera sana."

Walitazamana, kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Bwana Bima akashika nguzo. Mimi nilikuwa nimeshusha kopo. Ndani ilibaki punje moja. Nikampa karatasi yake, punje nikaiangusha chunguni, ambamo maharage yalikuwa yanachemka na ndizi. Nikapakua, nikaweka sahani mbele ya mume wangu. Kisha, kwa mazoea ya kumuudhi tu, nikaweka nyingine mbele ya Bwana Bima, nikasubiri aisukume.

Alivua kabuti. Sikuwahi kumwona bila kabuti, kumbe alikuwa mwembamba hivyo. Akanawa mikono, akavuta kigoda, akala. Alikula kimya mpaka sahani ikawa safi, akainua macho.

"Mama Lusajo," alisema, "hakuna nyingine?"